Mama Mkwe na Mswaki Wake

Nacheka sasa kwa kuwa yamepita, lakini siku ile, jamani, ningepata shimo ningejifukia mwenyewe.

Mnajua ugonjwa wangu: vigari vya mfano, vya yale magari ya zamani ya mbio za usiku na mchana bila kulala (ndiyo, baba mzima na kitambi changu). Kipenzi changu kilikuwa kimoja cheupe, kinakaa kiganjani, ambacho nilikipaka uchafu mwenyewe majira yote ya baridi, tope kwa ncha ya sindano, oili ubavuni, hata vidudu vilivyojibamiza kwenye kioo, kifanane na gari lenyewe lilivyokuwa likimaliza mbio. Kwetu wakusanyaji, uchafu huo ndio mali.

Sasa mama mkwe akaja kutoka Morogoro kututembelea hapa Bertrams, Joburg. Jumamosi asubuhi, siku yenyewe ya maonyesho ya klabu yetu kule Newtown, akakiona kigari mezani, akaniuliza mbona kichafu hivyo. Nikaona haya. Utamwambiaje mama mkwe kwamba wikiendi zako zinaishia kupaka tope kigari? Nikajibu, "Sijapata nafasi ya kukisafisha, mama," nikaenda zangu kuoga.

Basi, ni hilo tu. Nilipotoka nikakuta sanduku la kigari limeshafungwa vizuri, na mama kajitanda kanga mpya, maana nilimwalika mwenyewe aje aone mkwewe anavyoheshimika.

Ukumbini nikapewa nafasi ya kueleza, nami nikajimwaga (mdomo huu!), nikawaambia wasisogee wasije wakalipulizia pumzi tope langu, kila tone nimeliweka kwa mkono, Joburg nzima hakuna kama hiki. Mwenyekiti wetu, Themba, akavaa miwani. Nikafungua sanduku.

Kigari kilikuwa kinang'aa. Kilinukia sabuni ya vyombo, na namba ya mlangoni ilikuwa imesuguliwa ikabaki nusu.

"Eish," akasema Themba polepole.

Mama mkwe akasimama pale mstari wa mbele, uso umejaa furaha. "Nimekiosha mimi, kwa mswaki," akasema kwa Kiswahili. "Mkwe wangu hawezi kuja mbele za watu na kitu kichafu."

Themba akaniomba nitafsiri. Nilishaanza kutunga uongo wa pili, ila nyuma alikuwapo Didier, Mkongo, amejiinamia anacheka mpaka machozi. "Tafsiri yote, papa," akasema, "miye niko nasikia." Nikamtazama mama, amesimama anangoja kushukuriwa, na roho ikanilainika. Nikatafsiri yote, hata ule uongo wangu wa asubuhi, halafu nikaongeza kwamba wenzangu wameleta magari yaliyomaliza mbio, mimi nimeleta lililo kwenye mstari wa kuanzia, bado halijaondoka, na aliyeliandaa ni huyu mama.

Ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Utepe wa fundi bora akavishwa yeye, na kesho yake akaenda nao kanisani, kaubana kwenye kanga kwa pini. Mimi nilipewa chai.

Tangu hapo nimeapa: mama mkwe akiniuliza kitu namwambia ukweli, hata kama unaniaibisha. Na kabati la vigari nimelitia kufuli.

Jana kapiga simu. Anakuja tena Desemba, na safari hii, anasema, atakuja na mswaki wake mwenyewe, kwa sababu ule wa mara ya kwanza ulikuwa wangu.