Kiti cha Kuinukia

Saa mbili asubuhi, mlangoni pa karakana, fundi analowanisha mchanga ndani ya sanduku lililoinuliwa juu ya matofali. Binti yake anamketisha humo mama yake, mke wa fundi, polepole.

"Sasa mwachie, mwanangu," fundi anasema. "Ajaribu kuinuka mwenyewe."

Mama anakandamiza mchanga kwa mkono wa kulia. Uso unamkunjamana. Anapanda kidogo, anarudi chini.

"Tena," anasema mwenyewe.

Huyu fundi huchonga viti vya sebuleni na vya bustani ambavyo wateja huvizunguka kwanza, wakiogopa kuvikalia. Kimoja kimejikunja kama jani linalokauka. Kingine kimelala kama mtu anayejinyoosha baada ya kazi. Vyote vilianzia mchangani: mkewe huketi, akiondoka hubaki shimo lenye umbo la mapaja na nyonga zake, na fundi hulifuata shimo hilo kwenye gogo.

"Matajiri wa mji huu wanakalia nyonga zangu na hawajui!" anasema mkewe, ambaye majirani humwita Mama Mapacha.

Mwaka jana alipata kiharusi, upande wa kushoto ukalegea. Fundi alifunga karakana miezi mitatu akimuuguza. Kisha akamchongea kiti cha kuotea jua uani, kwa namna aliyoizoea: cha chini, chenye kina. Kilipendeza mno. Siku ya kwanza Mama Mapacha alipokikalia, alishindwa kutoka.

"Nilimwita, kumbe kawasha mashine, hasikii," anasimulia. "Nililia, mwanangu. Si kwa maumivu. Niliona nimekuwa mzigo wa kuwekwa na kuondolewa."

Fundi anatazama chini. "Miaka yote nimefikiria mtu anavyokaa. Anavyoinuka, hata siku moja."

"Ungejuaje, Baba Mapacha? Nilikuwa naruka kama panzi."

Fundi anacheka, kisha anafuta macho kwa kiganja chenye unga wa mbao.

Mama akishanyanyuliwa, fundi anapiga magoti kando ya sanduku. Safari hii halipimi shimo la nyonga. Anapima pale kiganja cha kulia kilipozama, na pale kisigino kilipotafuta nafasi ya kurudi nyuma. Kiti kipya kitakuwa kirefu kwenda juu, wazi chini, na mkono wake wa kulia utatokeza mbele, mnene, wa kushikika. Pande zake mbili hazitafanana.

"Kitaonekana kibaya?" binti anauliza.

"Kitaonekana kama mama yako anavyosimama," anajibu.

Mama Mapacha ana mpango wake. "Nataka nitoke, niote jua, nikichoka nirudi ndani. Bila kumwita mtu."

"Na ukiniita?" mumewe anauliza, mkono ungali mchangani.

"Siku hiyo nikikuita, itakuwa nimekukumbuka tu."