Nongo Niliyoiacha Saluni

Usinitazame hivyo. Najua unachowaza: huyu mama kachanganyikiwa. Haya, waza. Lakini haya yamenipata mimi, hapahapa Dodoma, mchana kweupe, na hasira yake haijapoa mpaka leo. Ndoto gani inamkasirisha mtu miaka yote hii?

Zilikuwa zile enzi za ruksa. Sisi tuliokua tukipanga foleni kwa kipande cha sabuni, ghafla maduka yakajaa losheni, pafyumu na mafuta ya nywele ya kila rangi. Ikafunguliwa na saluni, karibu na stesheni, ya mama mmoja tuliyemwita Mama Zuu. Ilikuwa na draya, vioo ukuta mzima, na chumba cha nyuma cha mvuke na kusingwa. Mji mzima tunahangaika na ndoo, kwake maji ya moto yanamwagika! Nani asingetamani?

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimebakiza siku tatu niolewe na Idrisa. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga, nikalelewa na shangazi, na kwetu bi harusi husingwa nyumbani. Shangazi alishatwanga liwa na karafuu, mafuta ya ufuta ameyachuja mwenyewe. Mimi nikakataa. Nikamwambia hayo mambo ya kizamani, nakwenda saluni kama wenzangu.

Hakugomba. Alisema tu, "Nenda, mwanangu. Ila nongo yako usiiache kwa watu. Ikusanye kwenye kanga, uje nayo tuifukie hapa uani."

"Shangazi nawe! Nibebe uchafu njia nzima?"

"Ubebe. Ni wako."

Nilicheka mpaka nje ya mlango. Ningekuwa na akili ningerudi.

Msingaji alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, macho yamechoka. Mama Zuu alisema amemwajiri mwezi uleule, kwao hakujui, ila mikono yake utaisimulia. Na kweli, sitakudanganya, nilistarehe. Alinikalisha kwenye mvuke mpaka vidole vikalegea. Akanilaza mkekani, akanipaka liwa na manjano, akaanza kunisugua kuanzia nyayo. Taratibu, hana haraka, mikono ina joto. Nongo ikawa inatoka, inajikunja, inadondoka kwenye kanga. Mwili ukawa mwepesi, nikasahau harusi, nikasahau jina langu.

"Nongo yako utaichukua?" akaniuliza, sauti ya chini.

Nikamjibu nimefumba macho, "Ya nini? Tupa tu."

Akaniuliza tena, "Unaniachia mimi?"

"Nimesema nakuachia, dada! Mbona unanisumbua?"

Mara mbili aliniuliza, unasikia? Mara mbili! Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kwenda.

Nilipofumbua macho alikuwa amesimama mbele ya kioo. Ameikusanya ile nongo kiganjani, ameilainisha kwa mafuta, anajipaka usoni kama anayejipaka poda. Nikataka kuinuka, mwili hauniitikii. Nilikuwa na kovu chini ya sikio la kushoto, niliunguzwa na uji nikiwa mtoto. Nikaliona likijichora shingoni mwake. Halafu mashavu yangu, halafu midomo yangu. Akavaa gauni langu na baibui langu, akageuka kunitazama kwa macho yangu mwenyewe.

"Asante," akasema, akatoka.

Niliporudiwa na nguvu nikakikimbilia kioo. Aliyenitazama mle alikuwa msingaji. Nikapiga ukelele, Mama Zuu akaingia ameshika kiuno.

"Wewe, makelele ya nini? Mteja wako kaondoka anacheka, ameridhika. Hebu kaoshe hayo mabeseni."

Nikavaa sare ya saluni aliyoiacha yule mwanamke, nikakimbia mpaka nyumbani. Shangazi akafungua mlango.

"Karibu, mama. Wewe si wa saluni? Bi harusi kasahau kitu?"

Nikamwangukia miguuni. Nikamwambia ni mimi, mwanao. Nikamtajia jina alilonibembelezea, nikamtajia usiku nilipougua surua akanibeba mgongoni hadi asubuhi. Niliona anataka kuniamini, wallahi niliona! Akainama, akapapasa chini ya sikio langu la kushoto. Palikuwa laini. Nyuma yake akatokea yule mwizi na kovu langu, mikono imeshaanza kupakwa hina, akauliza, "Shangazi, nani?"

Shangazi akauondoa mkono wake taratibu. "Nenda kwenu, mama," akaniambia. "Sijui umeyatoa wapi maneno haya, lakini nenda." Akafunga mlango. Jumapili nikasikia vigelegele kutokea mtaa wa pili.

Unauliza kwa nini sikupigana? Nilipigana! Nilimtukana Idrisa kwa kutonitambua, akaita mgambo, nikalala ndani siku mbili kwa kumfanyia fujo bwana harusi. Nilipotoka nikaenda Kongwa, huko nikawa nasinga mabibi harusi, maana mikono hii inaijua kazi kuliko mimi. Ilikuja na kazi yake.

Shangazi alipofariki nilikwenda msibani. Nikaketi jamvini na majirani, walionijua tangu natambaa, hakuna aliyeniuliza hata hali. Yule mwizi alikuwa amekaa pa mfiwa, na watoto wawili mapajani, analia. Na alilia kweli, hilo ndilo lililoniua. Zamu yangu ikafika, nikampa mkono.

"Pole kwa kufiwa," nikasema.

Akaushika mkono wangu, akanitazama vizuri, akafuta machozi. "Asante, mama. Samahani, wewe ni nani kwetu?"

Nikajibu, mimi msingaji tu.

Basi wewe unayejiandaa kwenda kusingwa, nenda. Starehe, pesa ni yako. Lakini chukua mtu wa kwenu akae mlangoni, akuone ukiingia, akuone ukitoka. Na msingaji akikuuliza, usimjibu umefumba macho. Wengi wakija kwangu nawafungia nongo yao na kuwapa mkononi, nawasisitiza waende nayo. Wiki iliyopita kaja mmoja, mzuri, kwao wanampenda mpaka basi. Akacheka, akaniambia nitupe.

Nilimuuliza mara moja. Nikajizuia nisimuulize mara ya pili. Siku nyingine siahidi.