Helmeti ya Kichwa Kilichonyolewa

Saa mbili asubuhi, jua la Durban limeshaanza kuchoma, na Zibuyile Mthalane anapanda mlima wa Glenwood kwa miguu. Mgongoni ana begi jekundu la dawa. Kichwa kimenyolewa hadi kinang'aa, kidevu kina bandeji, na begani kwenye fulana ya kazi amebana kipande cha kitambaa cheusi.

Watu hawamwachi apumue. Mlinzi wa ghorofa anataka kujua gurudumu liko wapi, na mama muuza ndizi naye ana swali hilohilo. Dereva wa gari la taka anapunguza mwendo kabisa, anatoa kichwa dirishani na kumuuliza kama ameshushwa cheo.

Zibuyile anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande wa pili unauma. Anawajibu wote jibu moja.

"Muulizeni mama mkubwa. Chaja iko kwenye mkoba wake."

Ana umri wa miaka thelathini na minne na kazi yake ni kupeleka dawa kutoka duka moja la dawa la Glenwood hadi kwa wagonjwa wasioweza kushuka ngazi: wa sukari, wa presha, wa moyo. Analipwa randi thelathini kwa kila kifurushi. Kwa miguu anachoka kabla hajafikisha hata theluthi ya vifurushi alivyokuwa akipeleka zamani.

Zamani yenyewe ni juzi tu. Hadi juzi alikuwa akivifikisha amesimama juu ya baiskeli ya umeme ya gurudumu moja. Dude lile halina usukani wala kiti. Ni gurudumu nene, betri iko ndani, na kila upande kuna pa kukanyagia. Ukiinama mbele kidogo linakwenda, ukijivuta nyuma linasimama, na mengine yote ni wewe na Mungu wako.

Mwandishi wa makala haya, ambaye hata ngazi hupanda kwa kushika ukuta, aliwahi kumwona akishuka mteremko wa Berea mvua ikinyesha, mikono mifukoni. Magari yalikuwa yanapiga honi na watu wanakimbilia vibarazani. Yeye alipita katikati yao wima, ametulia, kama mtu aliyesimama sebuleni kwake na nyumba ndiyo inayosogea. Hadi leo mwandishi hajapata maneno ya kulieleza vizuri jambo lile.

Bi Rookaya Essop anaishi ghorofa ya nne karibu na ufukwe na anachomwa sindano ya sukari kila siku. Yeye ameyapata maneno. Siku ya dawa huvuta kiti dirishani nusu saa mapema.

"Sindano siipendi hata kidogo," anasema. "Lakini nikimwona yule mtoto anakuja kule chini, hakanyagi pedali, hashiki chochote, nywele zinapepea nyuma, nasema subhanallah. Mwenyezi Mungu amempa binadamu akili, na mwingine amempa na moyo wa kuipanda."

Nywele hizo ndizo zilizoleta balaa.

Mwezi uliopita mama yake Zibuyile alifariki baada ya kuugua kifua, akazikwa kwao Maphumulo. Kesho yake asubuhi wafiwa walikaa uani, wakanyolewa mmoja baada ya mwingine. Aliyeshika wembe ni MaCele, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke wa miaka sabini asiyetetemeka mkono. Alipofika kwa Zibuyile alikata kwanza ile misuko mizito kwa mkasi, kisha akapitisha wembe polepole hadi kisogoni.

"Kichwa kikawa kidogo ghafla," anasema Zibuyile. "Nilijishika nikajiona yai."

Sasa, kunyoa msibani ni jambo la kila familia hapa, na hakuna anayelifikiria mara mbili. Lakini helmeti yake Zibuyile aliinunua akiwa na misuko, akaijaribu juu ya misuko, ikamkaa barabara. Aliyemuuzia hakumuuliza siku akifiwa itakuwaje. Wala yeye mwenyewe hakujiuliza, kwani nani anaingia dukani akiwaza kifo cha mama yake?

Siku ya kurudi kazini aliivaa, ikamcheza kichwani kama ndoo iliyofunikwa juu ya mchi. Alikuwa ameshachelewa. Akafungua sanduku la nguo la marehemu, akatoa kitambaa cha kichwa cha hariri ambacho mama yake alikivaa kanisani, akakikunja, akajaza nacho ile nafasi.

"Kilikuwa bado kinanukia yeye," anasema. "Nikaona nitakwenda naye kazini."

Kwenye kona moja mafundi ujenzi walikuwa wamemwaga mchanga. Gurudumu likateleza. Anayeanguka kutoka kwenye gurudumu hilo huanguka kifudifudi, kwa kuwa hakuna usukani wa kushika, na uso hufika chini pamoja na mikono. Helmeti yake ilikuwa na kinga ya kidevu, nzuri tu. Lakini ilipogusa lami ilizunguka juu ya hariri, kinga ikaenda sikioni, na kidevu kikabaki peke yake.

Alishonwa. Ganda la helmeti lilipasuka ubavuni, ufa unaoingia kucha. Dawa za watu zilikuwa salama begini, hata chupa moja haikuvunjika, na daktari aliyemshona alisema bila lile ganda sasa hivi angekuwa anaongea na wafu.

Kwa nini aliumia? MaCele anasema nguo ya marehemu haiguswi kabla ya siku ya utakaso wa kuondoa msiba, na kila mtu mwenye akili anajua hivyo. Kuben Naicker, muuza helmeti tutakayemfikia sasa hivi, anasema hariri kwenye kipara ni sabuni. Mwandishi amewasikiliza wote wawili na hana ugomvi na yeyote, kwa sababu wote wanalaumu kitambaa kilekile.

Jioni ya ajali MaCele alihama kwake, akaja kukaa na mpwa wake, mtaa wa Mkhumbane. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchomoa chaja ya gurudumu ukutani na kuitia kwenye mkoba wake mweusi. Tangu hapo mkoba huo hauweki chini, hata akienda msalani. Duka la dawa nalo likasema litasubiri hadi Jumatatu. Baada ya hapo njia ya Zibuyile atapewa kijana mwenye pikipiki.

Ilipofika Ijumaa usiku, MaCele akatoa hukumu. Wataenda pamoja kutafuta helmeti. Itavaliwa mbele ya macho yake, ataitikisa kwa mikono yake, na ikicheza hata kidogo, gurudumu litauzwa.

Basi Jumamosi asubuhi wakaingia dukani kwa Kuben, Barabara ya Umgeni, mwandishi akiwafuata nyuma. Kuben ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene, aliyeendesha pikipiki hadi goti likakataa. Alimkaribisha mzee kwa heshima, akamwita bibi.

"Bibi wa nani?" akauliza MaCele. "Wewe una mvi kunishinda."

Kuben akamletea kiti. Kisha akaomba aione helmeti ya zamani, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ule ufa na kutikisa kichwa. Zibuyile aliuliza kama inaweza kuunganishwa kwa gundi. Kuben akamwambia helmeti hufanya kazi yake mara moja tu, na hii imeshaifanya. Akachukua nyundo akaipasua palepale, asije mtu akaiokota na kuiamini.

Zibuyile alivutiwa kwanza na helmeti ya baiskeli, nyepesi, ina matundu ya hewa, rangi ya chungwa. MaCele alinyoosha kidole tu, akaigusa ile bandeji ya kidevu. Helmeti ikarudishwa rafuni.

Ikaja ya pikipiki, ya kufunika kila kitu. Hiyo ilikuwa ngome. Zibuyile alipoivaa shingo ilizama na kioo kikaingia ukungu wa pumzi, na joto la Durban mnalijua. MaCele akamwita kwa sauti ya kawaida kutoka nyuma. Hakugeuka. Akamwita tena, akamwita na kwa jina la ukoo. Alipoivua, mama mkubwa alikuwa ameshakunja uso.

"Kama mimi hunisikii, gari la abiria utalisikia?"

Kuben akaingia stoo. Akatoka na helmeti za wale wanaoteremka milima kwa baiskeli: nyepesi kama ya baiskeli, lakini zina kinga ya kidevu, masikio yako wazi na macho yanaona pembeni. Ya kwanza ilimkaa, Zibuyile akatabasamu, akafungua pochi. Kuben akamwambia afunge pochi, akae nayo kichwani mpaka yeye amalize chakula chake. Akafunua nusu mkate uliojazwa mchuzi wa maharage, akala bila haraka, huku wanawake wawili wakimtazama, mmoja kavaa helmeti.

Alipomaliza akamwambia aivue. Katikati ya paji la uso palikuwa na alama nyekundu.

Kuben alimweleza kwamba kipara ndicho kinachosema kweli, hakina nywele za kuficha. Kichwa cha Zibuyile ni kirefu kwenda nyuma, na helmeti ile imetengenezewa kichwa cha mviringo. Maumivu madogo dukani huwa makubwa njiani, mtu anaanza kulegeza mkanda, halafu anaivua kabisa na kuining'iniza begini. Amezika rafiki kwa namna hiyo, akasema, na akageuka kutafuta nyingine.

Nyingine ilikuwa ya kijivu, haina urembo. Zibuyile alilazimika kuivuta kwa nguvu ipite masikioni. Sponji zikamsukuma mashavu mbele, akafanana na mtoto mwenye chakula mdomoni. Alikaa nayo. Akatembea nayo hadi mlangoni na kurudi, akainama, akatazama kulia na kushoto. Alipoivua, paji lilikuwa na wekundu mwepesi wa pande zote, hakuna panapouma. Akaivaa tena, akafunga mkanda, akasimama mbele ya MaCele.

MaCele aliweka mkoba chini. Zibuyile anasema ilikuwa mara ya kwanza wiki nzima. Akaishika kinga ya kidevu kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemshika ng'ombe pembe, akaitikisa. Akaisukuma juu. Akazunguka nyuma, akajaribu kuiviringisha itoke kupitia usoni. Helmeti ilikwenda na kichwa, na kichwa kikaenda na mtu mzima. Akarudi mbele akasogeza macho karibu kabisa.

"Ngozi ya paji inaenda nayo," akasema taratibu.

Kuben akasema ndivyo inavyotakiwa.

Lakini MaCele hakuiachia. Mikono ilibaki pale pale, pande mbili za kichwa cha mpwa wake.

"Kichwa hiki nilikinyoa mimi," akasema. "Nilikinyoa kwa mikono hii, nikampeleka barabarani na kofia ya kichwa kingine. Angekufa, dada yangu ningemwambia nini?"

Kuben Naicker, ambaye amekaa nyuma ya kaunta ile miaka mingi, aligeuka akaanza kupanga helmeti ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mwandishi naye aliona ni vyema atazame barabarani. Zibuyile alijibu kitu, lakini mashavu yalikuwa yamebanwa na maneno hayakutoka vizuri, wote wawili wakaangua kicheko na machozi yakiwatoka. Ndipo MaCele akainama, akafungua mkoba na kutoa chaja.

Wakati wa kulipa, Kuben aliuliza swali ambalo duka la kwanza halikuuliza. Nywele zitarudi lini?

Zikiota fupi, akaeleza, atambadilishia sponji za ndani, ataweka nyembamba. Akisuka tena misuko mizito atahitaji saizi nyingine, na hii ya kijivu itabaki bila kazi. Zibuyile akasema ataweka akiba anunue ya misuko, na hii pengine atamuuzia mtu.

"Usiiuze," akasema MaCele, akifunga mkoba wake. "Hiyo ni yangu. Utaivaa utakaponyoa kwa msiba wangu mimi."

Kuben akajikuna shingo. Akaona lazima aseme ukweli: sponji ngumu ya helmeti huzeeka hata isipovaliwa, na baada ya miaka mitano hivi haifai kuaminiwa.

"Kumbe umenipimia miaka mitano," akasema MaCele.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, Bi Rookaya Essop amevuta kiti dirishani. Kule chini, mwisho wa barabara ya ufukweni, kinatokea kitu kidogo cha kijivu. Kinakua. Ni mtu, wima, mikono inaning'inia, begi jekundu mgongoni, kitambaa cheusi cha msiba begani, na chini yake gurudumu moja tu linalong'ong'a. Anakata kona kwa kuinamisha bega. Wakimbiaji wa asubuhi wanasimama kumpisha na kusahau kuendelea kukimbia. Bi Rookaya anasema neno lake lilelile, na safari hii mwandishi, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, analisema pamoja naye.

Zibuyile anafika, anashuka, anavua helmeti kwa mikono miwili. Kichwani nywele zimeanza kuota, weusi mwepesi tu kama masizi. Anaulizwa ana mpango gani. Anasema anataka kununua betri kubwa ili afike hadi kwa wagonjwa wa ng'ambo ya bandari. Kisha anaigeuza helmeti ya kijivu mikononi, anaitazama ndani.

"Na hii, nywele zikirudi, naiweka kabatini," anasema. "Miaka mitano ikiisha naitupa, nanunua nyingine saizi hiihii, naiweka palepale. Na hiyo nayo naitupa. Nataka zinizeekee kabatini, moja baada ya nyingine, sijazivaa."