Vibarua wa Mwovu

Tulikuwa wanne katika duka la kompyuta huko Kinoru: fundi, mama mmoja mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa lake, na mimi. Mwalimu alikuwa akicheza mchezo ambamo yeye ndiye mwovu wa chini ya ardhi, akivipiga makofi vijipepo vyake ili vichimbe haraka.

"Mwalimu, umejiunga na shetani?" mzee aliuliza. "Kanisa litakataa kukuzika."

"Shetani gani? Mimi ni mwenye shamba. Hao mashujaa wenye panga ndio wamenivunjia mlango."

Mzee aliinama, akatazama. "Na hawa wadogo?"

"Vibarua."

"Aii, basi usiwapige, mama. Waache wapumzike."

Neno moja tu, na mzee wa kanisa akawahurumia mapepo. Tangu hapo nachagua kwa makini jina la kumwitia mtu.

Mwalimu alifariki Jumanne iliyopita, na mzee huyo ndiye atakayemzika.