Daftari la Wapiga Kelele

Mwalimu wetu wa darasa la tatu aliponikabidhi daftari la kuandika majina ya wapiga kelele, nilipaswa kukataa. Nililipokea kwa mikono miwili. Shule yetu ya Kitisuru ilipakana na shamba la kahawa, na msimu ule wa mavuno uchachu wa maganda yaliyooza uliingia dirishani kutwa nzima, nami nikiwa nimeketi na daftari langu, najiona mkubwa kuliko wenzangu. Kila Ijumaa walioandikwa walichapwa. Majina yalikuwa yale yale matatu, na moja lilikuwa la Wambui, pacha wangu.

Wambui hakuwa mkorofi. Aliinuka tu, akaenda kuwatazama wachumaji, akarudi akiwa amesahau swali alilokuwa akijibu. Mwalimu alizoea kusema samaki mkunje angali mbichi, nami niliamini namsaidia kukunja.

"Leo nimepiga kelele gani, bwana kiranja?" aliniuliza tukirudi nyumbani.

"Umeinuka mara tisa."

"Tisa. Na hesabu zako ulifanya saa ngapi?"

Nilicheka, na kesho yake nikamwandika tena. Muhula ulipoisha mwalimu alimwita Baba, akamfungulia daftari. Jioni, Wambui akiwa nje, Baba aliniuliza jikoni kama yaliyoandikwa yalikuwa kweli. "Ni kweli, Baba," nikasema. Mama, aliyekuwa akimenya viazi, alinong'ona kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Shule zilipofunguliwa nilivaa sare peke yangu. Wambui alifungiwa kikapu kiunoni, akaenda kuchuma kahawa.

Mwaka huu nilimsindikiza mjukuu wangu kwa daktari karibu na Adams Arcade. Daktari, mwanamke kijana mpole, alisema mtoto ana ADHD, yaani akili yake hupata taabu kutulia mahali pamoja. "Ni jambo la kawaida kuliko watu wanavyodhani, mzee," alisema. "Darasa lolote utakaloingia, utampata mtoto kama huyu. Wako vijana, wako hata wazee wa rika lako, ila hakuna aliyewahi kuwaambia." Siku hizi mjukuu wangu huketi mbele, na akichoka kukaa mwalimu humtuma agawe vitabu. Sisi tulikuwa na kiboko tu.

Nilienda Karen, ambako Wambui anaishi na mwanawe, nikamweleza yote. Alisikiliza, akainuka kutazama sufuria, akarudi.

"Kwa hivyo sikuwa mjinga."

"Hukuwa."

"Miaka yote hii nimemlaumu mwalimu yule kwa kunitoa shule."

Ningeweza kunyamaza. Nilimwambia kwamba Baba aliniuliza mimi kwanza, na jibu nililompa. Aliniambia niende nyumbani kabla mvua haijanyesha.

Tangu siku hiyo hapokei simu zangu. Dada yangu amezeeka bila kujua kusoma kwa sababu yangu, na sasa hataki kuniona.