Siku Niliyomkata Mama Mdogo kwa TV

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Mogogosiek, kwao bibi yangu, kwa sababu wao wakiisimulia wanaongeza chumvi, na hii yangu haitaki chumvi, iko na aibu ya kutosha. Mimi Ndung'u, mtu wa kuuza TV pale soko ya Bomet, mtu ambaye amefungia nusu ya mji TV kwa ukuta, nilishindwa na TV moja mbele ya ukoo mzima wa bibi yangu, kwa mazishi ya baba mkwe, na mpaka leo nikiona namba ya simu ya huko kwao, naiacha ilie mara mbili kwanza ndio nashika.

Mzee alikuwa na nyumba mbili. Ya kwanza ni ya mama mkwe wangu, mama yake bibi yangu Chebet. Ya pili ni ya mama wa watoto watatu ambaye sisi wote tunamwita Mama Mdogo, anakaa chini kule karibu na mto, na kipande chake cha majani chai. Mzee hata hajatoka mochari, shemeji yangu mkubwa, Kiplangat, akaanza kusema huyo mama hakuletwa nyumbani kwa njia inayojulikana, ati alikuja tu kuchuna chai akabaki. Mnajua hayo maneno yanaelekea wapi (yanaelekea kwa shamba, yataelekea wapi kwingine). Na kule, siku ya mazishi ndiyo familia huitwa majina mbele ya watu, chifu akiwa ameketi hapo anaona, na ukishaitwa siku hiyo hakuna mtu atakuja kesho kukuambia hakujui. Kiplangat akakataa Mama Mdogo apewe kipaza sauti, mama mkwe naye akasema kama mwenzake hapewi hata yeye hashiki, kamati ya mazishi ikakwama kabisa, mpaka pasta akatoa dawa: hakuna mke ataongea, kutawekwa picha ya familia yote kwa TV kubwa, na emsii ataita kila mtu kutoka kwa ile picha.

"Na TV ataleta sandet," wazee wakasema, yaani mkwe, yaani mimi. Nilivimba kichwa, siwadanganyi.

Picha yenyewe ilipigwa siku ya harusi yetu na Chebet. Mama Mdogo alikuwa jikoni akipika, na Mzee akamwambia mpiga picha ashushe kamera, hakuna picha mpaka huyo mama aje, kwa hivyo akaja na kitambaa cha jikoni bado kiko begani, akasimama mwisho wa mstari na watoto wake (mwisho ule mwingine walikuwa majirani tu). Mstari ulikuwa mrefu mpaka mpiga picha akarudi nyuma akaingia kwa shamba la chai. Ndiyo ilikuwa picha moja tu ambayo nyumba zote mbili ziko pamoja.

Jioni moja kabla ya mazishi Mama Mdogo akaja kunitafuta. Hakuketi. Akaniambia, "Ndung'u, mimi sitaki kuongea. Nataka tu tuonekane, mimi na watoto."

"Mama, hiyo niachie mimi," nikamjibu, na ningejua ningenyamaza.

Asubuhi ya mazishi nikafunga TV mbele ya tenti, nikaunganisha laptopu na kebo, jenereta ikanguruma, na ukurasa wa kwanza, ule wa jina la Mzee, ukatokea mdogo katikati ya skrini, na nyeusi imezunguka pande zote nne. Sasa, mtu anayejua kazi yake angeingia kwa laptopu akaweka vipimo vya skrini viwe sawa na vya TV, elfu moja mia tisa na ishirini kwa elfu moja na themanini, dakika moja, kazi imeisha. Najua hiyo. Nimeambia wateja hiyo mara ngapi. Lakini nilikuwa nimevaa suti, kuna jua, watu wameanza kujaa, na huko nyuma nikasikia mzee mmoja akiuliza mwenzake kama TV ya huyu Mkikuyu imeharibika, mbona iko na mipaka myeusi. Hapo ndipo nilipoharibia. Dukani mipaka myeusi ndiyo adui yangu, mteja akiiona anafikiri umemuuzia kitu kibovu, kwa hivyo mkono wangu umezoea: nikachukua rimoti, nikabonyeza kitufe cha kuvuta picha, mara ya kwanza, mara ya pili, jina la Mzee likajaa skrini yote vizuri. (Jina tu. Lilikuwa limeandikwa katikati.)

Chebet akaniambia, "Weka na ile picha tuione kwanza."

"Chebet, sasa wewe ndiye utanifundisha TV?"

Akaniangalia, akaenda kuketi na mama yake.

Ibada ikafika pale pa kuita familia. Emsii alikuwa mtu wa kuitwa kutoka mbali, hamjui yeyote, kwa hivyo Kiplangat akasimama kando yake amnong'onezee majina. Nikaweka picha, na mara hiyo kebo ikaanza kucheza, skrini inazima inawaka, nikakimbia nyuma ya TV nikachuchumaa nikaishika kwa mkono, na nikapata kwamba nikiishika hivi, nimeinama hivi, inatulia. Basi nikabaki huko nyuma. Yaani mtu mmoja tu katika hiyo boma ambaye hakuona kile TV ilikuwa inaonyesha ni mimi mwenye TV.

Nilichoona ni nyuso za watu. Emsii anaita, "Huyu ni mama wa boma, huyu ni kifungua mimba Kiplangat," anaendelea, watu wanaitika, halafu nyuso zikabadilika. Mama mmoja akaweka mkono mdomoni. Wengine wakageuka kuangalia upande mmoja wa tenti. Nikasema moyoni, wanalia, picha imewaingia, Ndung'u umefanya kazi. Chebet akasimama, akanipungia mkono kwa nguvu. Nikafikiri ananiambia nisiachilie, nikamtikisia kichwa, nikashika kebo zaidi (hadi vidole vikafa ganzi, mimi mjinga).

Emsii akamaliza, "Basi, hiyo ndiyo familia ya Mzee. Tunaomba familia wasogee kaburini waweke udongo."

Kiplangat alikuwa na kipaza karibu na mdomo wake. Angeongeza majina manne. Hakuongeza.

Hapo nikamwona Mama Mdogo akisimama, watoto wake wakasimama, nikafikiri wanaenda kaburini, lakini wakapita kando ya tenti bila kuangalia mtu, wakashika ile njia ya katikati ya majani chai, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka vichwa vikapotea kule chini. Hawakuweka udongo. Mtu alizikwa, na bibi yake hakuweka udongo.

Nikaachilia kebo, nikazunguka mbele, lakini skrini ilikuwa imezima. Ni Chebet aliniambia, kwa sauti ya chini sana, "Umewakata. Wote wanne."

Watu walipokuwa kaburini wakiimba mimi nilirudi kwa laptopu. Nikaweka vile vipimo, elfu moja mia tisa na ishirini kwa elfu moja na themanini, nikatoa ule uvutaji wa rimoti uliokuwa umekula pembeni, nikafunga kebo kwa tepu. Mipaka myeusi ikarudi juu na chini, na picha ikakaa yote, mbele ya viti vitupu. Ndio nikaona pia kitu ambacho sikuwa nimewahi kuangalia: wengine wote wanatazama kamera, Mzee peke yake amegeuza uso anaangalia mwisho wa mstari, pale kwenye kitambaa cha jikoni.

Nilitengenezesha ile picha kwa karatasi kubwa, nikaiweka kwa fremu, nikampelekea Mama Mdogo. Alinikaribisha, akanipa chai, kwa sababu ni mtu wa heshima. Halafu akaiangalia sana, akasema, "Iko sawa. Sasa utazunguka nayo nyumba kwa nyumba kuwaonyesha wale wote?"

Nikamaliza chai yangu nikaaga. Saa hii maneno ya shamba yako kwa chifu, na Kiplangat akiulizwa anasema tu, hata kwa TV ya mazishi hamkumwona, na chifu anakumbuka, kwa sababu alikuwa ameketi mbele.

Kile kitufe cha kuvuta picha sikigusi tena. Mteja akija dukani akilalamika juu ya mipaka myeusi namwambia aiache hivyo. Akiuliza kwa nini, namuuliza kwanza kama kuna mtu amesimama pembeni.