Valvu Mbili za Niyomugabo

Katika kata ya Keza bado wapo wanaosema kwamba fundi Niyomugabo aliondoka. Neno hilo ni la uongo, nami nakataa kulitumia. Niyomugabo hakuondoka; aliondolewa, mchana kweupe, mbele ya watu waliompelekea redio zao kwa zaidi ya miaka ishirini, na kosa lake lilikuwa kusema kweli juu ya amplifaya.

Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1972, akiwa na miaka kumi na saba na hana viatu. Bruda mmoja wa misheni alimpa kazi ya kufagia karakana, kisha, alipoona kijana anatazama zaidi kuliko anavyofagia, akamfundisha kuyeyusha risasi na kuunga nyaya. Bruda aliporudi kwao alimwachia vifaa vyake na usimamizi wa amplifaya ya gitaa ya kigango, mashine nzito ya miaka ya sitini, ya aina ile isiyofanya kazi mpaka vichupa vyake vya kioo viwake ndani kama makaa. Mafundi huviita valvu. Niyomugabo aliitunza mashine ile kama mtu anavyomtunza ng'ombe wa pekee. Alimwoa Speciosa, binti wa Kihangaza wa hapo hapo, wakapanda migomba, wakazaa. Kirundi chake na Kihangaza chetu vilikaribiana kiasi kwamba mgeni asingejua nani ni nani.

Kisha ikaja miaka ya makambi. Kuanzia 1994 vilima vya Ngara vilijaa maturubai ya wakimbizi, na watu waliokuwa majirani wakaanza kuulizana walikozaliwa. Mwanzoni mwa 1997 ilisikika amri kwamba Warundi wote wanaoishi vijijini wakusanywe na kupelekwa kambini. Kijijini petu ilisemekana kwamba mkaazi wa siku nyingi angeachwa, mradi awe na barua ya utambulisho yenye muhuri wa kijiji. Barua ya Niyomugabo iliandikwa mapema. Ilikosa muhuri tu, na muhuri ulikaa katika saraka ya meza ya Danstan.

Danstan alikuwa mwenyekiti wa kijiji. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya kwaya. Speciosa alimwendea mara tatu.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, dada. Umekuja kwa lile lile?"

"Kwa lile lile. Nasikia malori yamefika Mabawe."

"Malori, malori! Ngojeni jubilei ipite. Shemeji yangu nani atamgusa nikiwapo?"

Alimwita Niyomugabo shemeji kwa sababu Speciosa alikuwa wa ukoo wake. Lilikuwa neno la kumpigapiga mtu mgongoni ili aende zake.

Jubilei ilikuwa ya miaka hamsini ya kigango, na Danstan alikuwa ameiandalia fahari yake mwenyewe. Alikuwa amewaandikia marafiki wa kigango ng'ambo, wakatuma amplifaya mpya kabisa. Haikuwa mpya ya mtindo mpya. Kiwanda kilikuwa kimeamua kutengeneza upya mashine ile ile ya miaka ya sitini: kitambaa kile kile cha mbele, vifundo vile vile, jina lile lile kwa herufi za fedha. Danstan aliziweka mbili sambamba kanisani, ya zamani iliyochubuka na mpya inayong'aa, akawaita watu watazame. Jenereta ilipowashwa, ile mpya ikanguruma, ikachachatika kama mafuta yenye maji kikaangoni, na Gozbert, mpiga gitaa wa kwaya, alipogusa uzi mmoja, ikapiga yowe mpaka mbwa wakatoka nje.

Niyomugabo akaitwa.

Aliifungua juu ya meza ya sakristia, chumba cha nyuma ya altare, na kuichungulia ndani. Katika ile ya zamani kila waya uliungwa kwa mkono. Katika hii kulikuwa na bao jembamba lenye njia za shaba zilizochapwa, na risasi katika maungio mengine haikuwa imeshika.

"Sura ni ya mama, maini si ya mama," alisema.

"Fundi, unaiponda kabla hujaishika!" Gozbert akacheka.

"Sikuponda. Tazama hapa. Mtu aliyelehemu hapa alikuwa anawahi chakula."

Alilehemu upya maungio yote yaliyolegea, na kuchachatika kukaisha. Yowe halikuisha. Akachukua penseli, akagonga valvu taratibu moja baada ya nyingine. Mbili za mwanzo zilipoguswa, spika ikalia kwa nguvu: ngoo, ngoo. Ndipo palipokuwa na ugonjwa. Valvu nzima hutakiwa kupokea umeme wa gitaa tu. Mpigo wa penseli haiupokei. Vyuma vya ndani vikilegea, hutikiswa na kila kitu, hata na sauti ya spika yenyewe, na sauti hiyo huzunguka mpaka iwe yowe. Niyomugabo akachomoa valvu mbili za amplifaya ya zamani, vioo vimefifia kwa umri, akazichomeka katika mpya. Akagonga. Spika ikanyamaza. Gozbert akapiga gitaa, na sauti ikatoka safi, nene, bila mvumo.

"Hii ndiyo ile sauti ya Bruda," Gozbert akanong'ona. Maneno hayo aliyasema mwenyewe. Nayaandika ili yasipotee.

Niyomugabo alikuwa na desturi moja ambayo wateja wake wote waliijua: kila kitu alichokitoa ndani ya chombo cha mtu alimrudishia mwenyewe, hata kiwe kimekufa, ili asije akadhaniwa mwizi. Alizifunga valvu mpya mbili katika karatasi ya daftari, akampelekea Danstan. Uaminifu huo ndio uliomwangamiza.

Jumamosi, siku moja kabla ya sherehe, Danstan aliita kamati na wanakwaya kanisani. Alizishika valvu mpya mkononi kama mtu aliyekamata kuku wake kwa jirani.

"Hizi zimetoka Ulaya, hazijamaliza mwezi. Shemeji yetu amezitoa. Ndani ametuwekea vizee vyake. Naomba tuelezwe."

"Mwenyekiti, sikukuficha. Nilikuletea mwenyewe," Niyomugabo akajibu. "Hizo zina kasoro tangu kiwandani. Naomba niwaonyeshe, mjionee."

Akazirudisha mbele yao, jenereta ikawashwa, akagonga kwa penseli. Ngoo! Kanisa zima likasikia. Kisha akazichomeka zile za zamani, akagonga. Kimya.

Msomaji wa kwetu ameshajua kilichotokea katika vichwa vile. Sokoni kwetu hakuna anayenunua chungu bila kukigonga kwa kifundo cha kidole. Kinacholia ni kizima. Kilicho kimya kina ufa, na muuzaji hukirudisha nyuma kwa aibu. Mama yake Danstan alikuwa mfinyanzi, naye alikulia kati ya vyungu. Uso wake ulichanua.

"Mmesikia wenyewe!" alipaza sauti. "Yetu inalia, yake imekufa! Zigonge tena, fundi, watu washibe!"

Kicheko kikapasuka.

"Hapana, mwenyekiti, hiki si chungu…"

"Si chungu? Basi ni nini, kibuyu?" akadakia mzee Bulugu wa kamati, na kicheko kikaongezeka.

"Amekuja na mizoga ya Burundi!" mwingine akapiga kelele kutoka nyuma.

"Muulizeni Gozbert," Niyomugabo akasema. "Yeye amepiga. Amesikia tofauti."

Macho yote yakamgeukia Gozbert. Gitaa lilikuwa la kwaya, na mwenyekiti wa kwaya ndiye aliyeamua nani alishike kesho mbele ya wageni. Gozbert akatazama nyuzi.

"Mimi napiga tu," akasema. "Mambo ya ndani siyajui."

Niyomugabo aliamriwa arudishe valvu mpya, naye akazirudisha. Zile za zamani Danstan aliziweka sakafuni, akazikanyaga kwa kisigino, moja, kisha nyingine, ili, kama alivyosema, mtu asipate tena kishawishi. Nimesikia watu wakilitetea tendo hilo kwa kusema kwamba hakujua. Kutojua si kosa. Kosa ni kumnyamazisha anayejua, kisha kuponda kwa kisigino kile ambacho kingeweza kukuonyesha umekosea.

Sherehe ilifanyika. Wageni walikaa viti vya mbele, kwaya ikasimama na sare mpya, Gozbert akapiga uzi wa kwanza, na amplifaya ikapiga yowe. Wakaipunguza, ikanguruma. Wakaongeza; ikapiga yowe tena katikati ya zaburi, mpaka mgeni mmoja akaziba masikio na mwingine akacheka waziwazi. Danstan alisimama jasho likimtiririka. Hakuitazama mashine. Alimtazama Niyomugabo, aliyekaa benchi la mwisho pamoja na mkewe.

Watu walipotawanyika alimkuta mlangoni.

"Umenikomoa, siyo?"

"Nilirudisha kama ulivyoamuru, shemeji."

"Mimi si shemeji yako. Wewe ni mkimbizi."

Jumatatu Speciosa alikwenda ofisini mara ya nne. Barua ilikuwa mezani, imechanwa nusu mbili. Siku nne baadaye malori yalifika Keza, na wale waliokuja nayo hawakuwa na haja ya kupekua. Mwenyekiti aliwapa orodha, na jina la kwanza lilikuwa la fundi. Alikuwa akitengeneza redio ya mzee Bulugu. Aliomba aimalize. Hakuruhusiwa, basi akazifunga sehemu alizokuwa amezitoa katika karatasi ya daftari, akaandika jina la mwenyewe juu, akapanda lori. Speciosa alikimbia nyuma yake mpaka njia panda. Watu walisimama katika milango ya nyumba zao wakitazama, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa kusema: huyu amekaa nasi miaka ishirini na mitano.

Kilichobaki ni kifupi, na ndicho kibaya kuliko vyote. Gozbert, kwa aibu iliyomjia ikiwa imechelewa, alikuwa amewaandikia wafadhili juu ya yowe. Miezi mitano baadaye kilikuja kifurushi chenye valvu mbili na barua ya Kiingereza. Danstan alizichomeka mwenyewe, akagonga kwa penseli. Kimya.

"Hata hao wanatutumia mizoga!" akafoka, akazitupa jalalani na kuzirudisha zile zinazolia.

Speciosa, aliyekuwa na zamu ya kufagia kanisa, aliiokota barua iliyoachwa sakafuni na kumpelekea mwalimu Deodata, ambaye aliisoma mara mbili kabla ya kuifasiri. Kiwanda kiliomba radhi. Valvu za shehena ile zilikuwa na kasoro, na dalili yake ni kwamba zikigongwa kwa penseli hulia. Mteja yeyote aliyeona hivyo aziondoe mara moja na kuweka nyingine.

Speciosa alikwenda nayo ofisini, pamoja na tafsiri iliyoandikwa kwa mkono safi wa mwalimu.

"Shikamoo, mwenyekiti. Naomba barua ya mume wangu iandikwe upya."

Danstan alisoma mpaka mwisho. Alikunja karatasi kwa uangalifu, akamrudishia.

"Hapa wamesema valvu zilikuwa mbovu," alisema. "Sijaona waliposema mume wako ni wa kijiji hiki."

Akafungua saraka, akautazama muhuri, akaifunga. Speciosa alitembea siku ile mpaka kambini kumsomea mumewe barua hiyo. Niyomugabo alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: kama mzee Bulugu alipata sehemu zote za redio yake.